Nina diploma ya informatiki na nataka kusaidia wafungwa wa Kasapa: nianzie wapi?

Swali: Msomaji wa komini ya Katuba, Lubumbashi, amemaliza masomo ya informatiki ya usimamizi. Jirani yao alikaa gereza la Kasapa miezi mingi bila kupelekwa mbele ya jaji, kwa kuwa dosie yake (faili ya kesi) ilipotelea kati ya parke, yaani ofisi ya waendesha mashtaka, na mahakama. Msomaji anataka kuifanya kazi ya kusaidia watu wa namna hiyo iwe kazi yake ya maisha, na amefikiria kutengeneza programu ya simu ambamo wafungwa wataandika shida zao. Anauliza kama programu hiyo itafaa, kama ni lazima arudi chuo kusomea sheria, na aanze na nini.

Jibu:

Dada, tuanze na ile programu ya simu, kwa sababu inaweza kukumeza mwaka mzima bila mtu hata mmoja kutoka ndani. Kwa kanuni za gereza, mfungwa haruhusiwi kukaa na simu. Wanaoipata kwa njia za pembeni ni wale wenye pesa, na siku yoyote wananyang'anywa, ujumbe wote ukasomwa na wengine. Waliosahauliwa kabisa, wasio na mgeni wala dola moja, programu yako isingewagusa. Isitoshe, jirani yenu hakukosa mahali pa kulalamikia. Kuna karatasi iliyopaswa kutoka meza moja kwenda nyingine kwa siku fulani, haikutoka, na hakuna aliyekuwa anahesabu siku. Hapo ndipo mtu wa informatiki anahitajika sana: kuhesabu siku za watu mia mbili kwa pamoja bila kumsahau mmoja, na kumwarifu avoka (wakili) kabla muda haujaisha.

Ili uhesabu, ujue kwanza sheria inahesabu nini. Katiba ya Kongo (RDC) ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 17, inasema uhuru ndio kanuni na kufungwa ni jambo la pekee. Kifungu cha 18 kinasema aliyekamatwa aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa, apewe nafasi ya kuwasiliana na familia au avoka wake mara moja, na asikae kwenye kasho ya polisi zaidi ya saa 48. Baada ya hapo aachiliwe au akabidhiwe kwa mamlaka ya sheria. Sheria ya mwenendo wa mashtaka ya tarehe 6 Agosti 1959 inaendelea kutoka hapo. Majistra wa parke akitoa mandati ya kukamata kwa muda, ile ambayo kila mtu pale parke anaiita MAP, mtuhumiwa afike mbele ya jaji ndani ya siku 5 kama jaji yuko katika mji huo huo. Jaji wa Mahakama ya Amani akikubali abaki ndani, ordonansi yake, yaani amri yake ya maandishi, ina nguvu ya siku 15, na siku ya kutolewa nayo inahesabiwa. Baada ya hapo inaweza kuongezwa mwezi mmoja mmoja. Kwa kosa lenye adhabu ya miezi 6 au zaidi, haiongezwi zaidi ya mara 3 mfululizo. Kuendelea baada ya hapo kunataka uamuzi wa jaji katika kikao cha wazi.

Chukua mfano. Ordonansi ya kwanza imetolewa tarehe 3 Machi 2025. Siku ya 15 ni tarehe 17 Machi, si tarehe 18. Muongezo wa kwanza unaishia 17 Aprili, wa pili 17 Mei, wa tatu 17 Juni. Mtu akiwa bado ndani tarehe 18 Juni na dosie haina uamuzi wa kikao cha wazi, avoka ana jambo la kuandika asubuhi hiyo hiyo. Na ujue hili: rufaa dhidi ya ordonansi ya kumweka mtu ndani ina saa 24 tu, wakati rufaa dhidi ya hukumu ina siku 10. Ndiyo sababu jedwali lako la kuhesabia siku, likisema tu "muda umekwisha", halina faida kubwa. Linapaswa kusema "zimebaki siku 3".

Jedwali lenyewe halihitaji programu mpya. Excel inatosha, au LibreOffice Calc ambayo ni ya bure. Safu moja iwe na tarehe ya ordonansi. Ikiwa ni H, mwisho wa siku 15 unaandikwa I2 kwa fomula =H2+14. Kosa la kuandika 15 linampotezea mtu siku moja, na siku moja ni nyingi pale rufaa inapohesabiwa kwa saa. Miezi inahesabiwa kwa MOIS.DECALER, kwani mashine nyingi za huku zina Excel ya Kifaransa. Hapo kuna mtego. Ukichukua mwisho wa muongezo wa kwanza na kuuongezea mwezi, kisha mwezi tena, tarehe zinateleza: 31 Januari inakuwa 28 Februari, halafu 28 Machi badala ya 31. Kwa hiyo miongezo yote ihesabiwe kutoka tarehe ile ile ya I: =MOIS.DECALER($I2;1), kisha ;2, kisha ;3. Siku zilizobaki zinatoka kwa kutoa AUJOURDHUI() kwenye tarehe ya mwisho, na ukiweka rangi inayobadilika yenyewe, rangi ya machungwa kuanzia siku 7, nyekundu kuanzia siku 3, avoka anaona kazi ya wiki kwa kutupa jicho.

Saa 48 za kasho zihesabiwe kwa saa, si kwa siku. Andika tarehe na saa katika seli moja, ongeza 2, na uipe seli muundo unaoonyesha saa. Ukiandika tarehe peke yake, mtu aliyekamatwa Jumatatu saa tatu usiku atahesabiwa kana kwamba alikamatwa usiku wa manane uliotangulia, na hesabu yako itakataliwa na OPJ (ofisa wa polisi anayechunguza makosa) kwa haki kabisa.

Weka kila mara safu mbili kwa kila hatua: tarehe ambayo sheria inadai, na tarehe iliyo kwenye karatasi. Usifute moja ukaandika nyingine. Pengo kati ya hizo mbili ndilo avoka analopeleka mbele ya jaji. Na funga safu za tarehe kwa "Validation des données" zisikubali maandishi. Tarehe ya kweli hukaa upande wa kulia wa seli. Ikikaa kushoto, mashine imeichukua kama maneno na fomula yako imekufa kimya kimya. Mashine iliyowekwa kwa Kiingereza cha Marekani nayo itageuza 03/04 kuwa tarehe 4 Machi. Hili linatokea mno pale watu wawili wanapotumia kompyuta mbili tofauti.

Jina halitoshi kumtambua mtu. Akina Ilunga na Mutombo ndani ya Kasapa ni wengi, na jina moja linaandikwa Kyungu hapa, Kiungu pale, kwa sababu kila mwandishi anaandika alivyosikia. Ufunguo wako uwe namba ya RMP, ile ambayo parke inaipa dosie, pamoja na namba ya mtu katika rejista ya kuingia gerezani. RMP peke yake haitoshi pia: watu watano waliokamatwa pamoja kwa wizi wa kebo wanakuwa na RMP moja. Dosie ikifika mahakamani inapata namba ya RP, na ikienda kwenye rufaa inapata RPA. Hifadhi zote tatu. Aliyeuliza kwenye greferi (ofisi ya makarani) ya mahakama kwa namba ya RMP pekee anaweza kuambiwa "haipo", na ipo.

Sasa mahali dosie zinapopotelea, kwa sababu jedwali zuri lisiloonyesha dosie iko wapi ni nusu ya kazi. Mahali pa kwanza ni kati ya sekretarieti ya parke na Mahakama ya Amani: dosie imepelekwa kwa ajili ya ordonansi ya siku 15, jaji ametia saini, na dosie haikurudi kwa majistra anayefanya uchunguzi. Majistra hana dosie, kwa hiyo haulizi mtuhumiwa chochote, na miezi inapita. Mahali pa pili ni pale majistra anapohamishwa mji mwingine. Dosie zake zinabaki ndani ya kabati mpaka mtu aulize nani amezirithi. Swali hilo lipelekwe sekretarieti ya parke, kwa maandishi, likiwa na orodha ya namba za RMP. Mahali pa tatu ni rufaa: tamko la rufaa limepokelewa, lakini dosie haijatumwa mahakama ya juu, mara nyingi kwa sababu hukumu haijapigwa chapa. Mahali pa nne kunauma kuliko pote. Mtu ameachiliwa na mahakama, au amemaliza kifungo chake, lakini karatasi ya kumtoa haijafika gerezani. Au imefika, na mwandishi wa gereza akaona katika rejista kwamba ana RMP nyingine. Ndiyo sababu kila mtu aulizwe wazi: "Una kesi nyingine popote, Likasi, Kipushi, Kasumbalesa?" Kushinda kesi moja hakumtoi mwenye mbili.

Kwa kila mtu, weka safu inayosema dosie iko kwenye meza gani, na tarehe ambayo jambo hilo lilithibitishwa. Habari yenye umri wa wiki sita si habari tena.

Wenye hukumu nao wasiachwe, ingawa kwao hesabu ni nyepesi zaidi. Siku walizokaa ndani kabla ya hukumu zinakatwa kwenye adhabu, hakikisha zimekatwa. Na sheria ya adhabu inaruhusu kuachiliwa kwa masharti mtu aliyemaliza robo ya adhabu yake, mradi amekaa ndani zaidi ya miezi 3. Kwa kifungo cha maisha ni miaka 5. Uamuzi unatoka kwa waziri wa sheria, hautoki gerezani. Hata hivyo, dosie isiyopelekwa haiwezi kuamuliwa, na jedwali lako linaweza kutoa orodha ya waliofikia robo kila mwanzo wa mwezi.

Habari zinakusanywa kwa karatasi. Usiingie gerezani na simu au kompyuta. Utaiacha langoni, na ukijaribu kuificha utafunga mlango kwa shirika lako zima. Tengeneza fomu ya ukurasa mmoja wa A4, upande mmoja tu: majina matatu jinsi mwenyewe anavyoyatamka na jinsi yalivyo kwenye rejista, umri na namna ulivyojulikana, tarehe na saa ya kukamatwa, mahali, namba za dosie, tarehe za MAP na za ordonansi, mara ya mwisho kufika mbele ya majistra au jaji, ugonjwa, lugha, avoka, namba mbili za simu za ndugu. Asiyejua tarehe msaidie kwa matukio: kabla au baada ya tarehe 30 Juni, kabla au baada ya mvua ya kwanza, shule zilikuwa zimefungwa? Kisha linganisha na rejista, na kama zinapishana andika zote mbili. Watu 10 hadi 12 kwa asubuhi moja wanatosha. Ukihoji 30, fomu za mwisho zitakuwa na mapengo, na mtu wa 28 atakuwa amengoja bure.

Maneno ya kusema mbele yao yapangwe mapema. Usiseme "nitakutoa". Sema: "Nitaandika tarehe zako, nitampa avoka, na nitarudi siku fulani kukuambia dosie iko wapi." Kisha urudi siku hiyo, hata kama huna jipya.

Umri unataka uangalifu wa pekee. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inasema mtoto chini ya miaka 14 hawezi kuhesabiwa kuwa na hatia ya jinai kwa namna yoyote, na mwenye miaka 14 hadi asiyefika 18 kesi yake ni ya Mahakama ya Watoto. Kinachoharibika ni pale OPJ anapoandika miaka 18 kwa kumtazama uso. Ukimwona kijana unayemtilia shaka, usingoje ziara ijayo: siku hiyo hiyo tafuta familia na uulize cheti cha kuzaliwa, na kikikosekana, karatasi ya ubatizo, kadi ya chanjo, buletini ya shule. Picha ya karatasi moja kati ya hizo, ikifika kwa avoka kabla ya ordonansi kutolewa, inafanya kazi ambayo baadaye itachukua miezi.

Sasa familia. Mahabusu wengi wanakula kile ndugu wanacholeta, kwa hiyo kupata familia ni chakula kabla hakijawa haki. Wachimbaji wadogo na madereva waliokamatwa mbali na kwao ndio wanaokosa wageni. Hapa teknolojia rahisi ina nguvu kubwa: ujumbe wa sauti wa nusu dakika, kwa Kiswahili, Kibemba au Kiluba, unasaidia kuliko maandishi ya Kifaransa kwa mama ambaye hasomi. Taja jina, mahali alipo, tarehe ya kikao na nani wa kuuliza. Kosa analotuhumiwa usilitaje kamwe, kwa kuwa simu ya nyumbani inasikilizwa na watu wengi. Na maliza kila ujumbe kwa kusema kwamba huduma hii hailipiwi. Kando ya mahakama kuna watu wanaojitolea "kupeleka pesa kwa jaji". Familia iliyoambiwa mapema haiuzi cherehani yake. Wewe mwenyewe usibebe pesa ya mtu, hata ya nauli. Dhamana ya kuachiliwa kwa muda inalipwa na familia kwa ofisi inayohusika, na risiti inabaki mikononi mwao.

Jedwali hili likivuja linaumiza watu. Tangu Code du numérique, sheria ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023, habari za mtu binafsi zina ulinzi wa sheria nchini kwetu. Hata kabla ya sheria hiyo, picha ya PV (karatasi ya maelezo yaliyoandikwa wakati wa kuhoji) iliyotupwa kwenye kundi la WhatsApp ilikuwa inaweza kumfanya shahidi ahame mtaa. Faili iwekwe ndani ya folda iliyofungwa kwa VeraCrypt, programu ya kufunga faili kwa siri, nenosiri lijulikane na watu wawili tu, nakala ikae kwenye ufunguo wa USB katika nyumba nyingine, na nakala hiyo ifanywe kila Ijumaa. Umeme wa SNEL ukikatika katikati ya kuandika unaweza kuharibu faili nzima. Fanya kazi kwenye kompyuta yenye betri nzima na uhifadhi kila baada ya mtu mmoja. Fomu za karatasi zikae kwenye kabati la kufuli. Avoka apewe safu anazozihitaji, mfadhili apewe idadi bila majina. Kesi za ubakaji ziwe na faili ya peke yake, na jina la aliyetendewa lisiingie humo. Sheria namba 06/019 ya tarehe 20 Julai 2006 inadai usalama na heshima yake vilindwe, na inataka kesi hizo ziamuliwe ndani ya miezi 3. Muda huo nao unahesabika, na kumhesabia yeye ni kazi ile ile ya haki.

Kuhusu kurudi chuo: si lazima, isipokuwa unataka kusimama mbele ya jaji. Avoka anahitaji shahada ya sheria, kwa mfano ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU), kisha kuandikishwa kwenye Baro (chama cha maavoka) na kufanya stazi, yaani mazoezi ya kazi, chini ya avoka mzoefu. Hiyo ni njia ndefu na nzuri, ila ni kazi nyingine. Parajuristi, yaani msaidizi wa mambo ya sheria, haombwi shahada. Anafundishwa na shirika, anasikiliza, anaandika, anafuatilia dosie, na hatetei kesi. Njia ya tatu ni kazi ya kijamii: Mahakama ya Watoto inategemea uchunguzi wa asistani sosiali kuhusu familia ya mtoto, na masomo hayo yako kwenye chuo cha ISES hapa Lubumbashi. Wewe una njia ya nne, yenye watu wachache: msimamizi wa data katika shirika la msaada wa sheria. Ungesoma sheria ya mwenendo wa mashtaka mpaka uijue kuliko baadhi ya mastazieri, na ungebaki na ujuzi wako wa mashine. Ujue mapema kwamba mikataba mingi huko ni ya mradi: mradi ukiisha, mshahara unaisha. Kwa miaka miwili ya kwanza usiache kazi nyingine ya mkono.

Usiende gerezani peke yako na barua yako binafsi. Mlango na dosie vinafunguliwa kwa walio na ruhusa tayari: ofisi ya ushauri wa bure ya Baro ya Haut-Katanga, tume ya Haki na Amani ya Kanisa Katoliki, mashirika ya haki za binadamu yanayotembelea Kasapa. Nenda kwao na pendekezo la ukurasa mmoja, la miezi 3: utatunza jedwali lao la mahabusu, mara mbili kwa wiki, bila kugusa jambo jingine. Omba kwanza dosie 30 za kesi zilizokwisha, majina yakiwa yamefunikwa. Ingiza tarehe zake kana kwamba kesi zinaendelea, na uangalie ni siku gani rangi nyekundu ingewaka. Mpe avoka azisome moja moja na kalamu mkononi. Pale ambapo yeye anahesabu tarehe tofauti na mashine, msiendelee mpaka mjue nani kati yenu amekosea na kwa kifungu kipi.